Kahawa ya Mahasimu

Mwende ndiye aliyenitaka niandike. Ni binti wa Machakos, aliletwa Riyadhi kufanya kazi za nyumbani, akahama kafili, yaani mdhamini wake, na katika miaka yangu ya mwisho alikuwa nami kwenye kampuni ya kuhudumia mikutano, akinibebea sinia la vikombe. Siku niliyorudisha beji yangu mlangoni alinizuia. "Mzee, sasa ukienda hivi, sisi tutajua aje hizi vitu? Hawa wanatufunza na slaidi tu. Tuandikie, hata kama ni kidogo." Nikamwambia mimi si mwandishi. Akasema hata yeye hakuwa mpishi mpaka madam wake alipomwambia leo utapika.

Basi haya ndiyo niliyonayo. Atakayetafuta humu vyeo na mishahara atachoka bure, kwa sababu cheo nilikuwa nacho kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa mtilia kahawa. Wakubwa wakikutana Jidda au Riyadhi, wafalme, marais, mawaziri na wale wanaotembea nyuma yao na mafaili, kuna mtu huingia kabla maneno hayajaanza, dele la shaba mkono wa kushoto, vifinjani mkono wa kulia, akampa kila mmoja mafunda mawili matatu ya kahawa ya iliki. Mtu huyo haonekani katika picha. Akitokea kwa bahati mbaya, picha hukatwa. Kwa miaka thelathini na tisa nimekatwa katika picha nyingi za historia.

Nilizaliwa Unguja lakini siikumbuki. Mama yangu aliondoka nami mwaka wa sitini na nne, sijaanza kutembea, tukaishia Ruwais, Jidda, kwa jamaa waliotangulia. Nyumbani tulisema Kiswahili, barabarani Kiarabu cha watu wa Hijazi, na ofisini kwa mambo ya ikama, kibali cha ukaazi, tulinyamaza kwa lugha zote mbili. Nilipotimia miaka ishirini na mbili nilikuwa naosha sahani katika jiko la nyumba moja ya wageni wa serikali. Siku moja mtilia kahawa mpya aliugua tumbo. Koti lake lilikuwa limekwisha kushonwa, wakalipitisha jikoni wakitafuta mtu wa kulivaa, na mimi ndiye lililonienea. Sikuulizwa kama naweza kazi.

Mgeni wa kwanza niliyemtilia alikuwa waziri kutoka nchi ya jirani. Nilimjazia kifinjani mpaka ukingoni. Kwetu Ruwais mama yangu akikujazia kikombe ujue amekupenda, nami nilitaka kumpenda waziri. Yule bwana alikitazama kikombe, akamtazama mwenyeji wake, uso ukambadilika. Mara pazia la nyuma likafunguka, akatoka mtu mfupi mwenye miwani mizito na aproni, akainama, akakichukua kile kikombe mkononi mwa waziri, akasema maneno ya heshima ambayo hata sikuyasikia vizuri, akampa kingine chenye kahawa ya kufunika chini tu. Kisha akanishika kiwiko akanirudisha nyuma ya pazia.

"Unajua umefanya nini?" aliniuliza.

"Nimemtilia kahawa."

"Umemfukuza. Kikombe kikijaa, maana yake kunywa uende zako. Umemfukuza waziri wa nchi yenye jeshi, wewe kijana wa sahani."

Kisha akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Huyo ndiye Abu Hanan, mpishi wa kahawa. Alikuwa Mpalestina wa Khan Yunis, Gaza, mwenye hati ya safari ya wakimbizi iliyokuwa imekunjwa mara nyingi hata kurasa zake zikalegea. Yeye alibaki jikoni na mimi nikawa mbele, na tulifanya kazi hivyo mpaka tukazeeka. Mimi nilizaa binti mmoja, Maryam, na yeye binti mmoja, Hanan. Waarabu humwita baba kwa jina la mtoto, basi tukawa Abu Maryam na Abu Hanan, na wenzetu wenye wana wa kiume wakatutania kuwa jiko limekosa walinzi.

Alinifundisha kila kitu. Buni inakaangwa kidogo tu, ikifika rangi ya ngano unaiondoa. Iliki inapondwa kwa mchi, haisagwi. Iliki nzuri, tulipohamia Riyadhi, tuliinunua soko la Batha kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye alituruhusu kutafuna punje kabla ya kupima. Dele unalishika kwa kushoto na vikombe kwa kulia, ukivigonganisha kidogo ili mgeni asikie umefika na asishtuke. Mgeni akikitikisa kikombe, ametosheka. Asipokitikisa, unamtilia tena, hata kama ni mara ya sita na msimamizi anakukodolea macho.

Lakini ugumu wa kazi yetu haukuwa kahawa. Ulikuwa watu wawili wasiosalimiana katika chumba kimoja. Ndani ya mlango wa kabati la sukari Abu Hanan alibandika karatasi ya majina ya nchi zisizosemezana. Aliiandika kwa penseli, kwa makusudi. Wakikaa mahasimu wawili wenye cheo sawa, huwezi kuanza na mmoja, kwa sababu wa pili ataona ametukanwa. Tulikuwa tunaingia watu wawili wenye madele mawili, kila mmoja akasimama mbele ya mtu wake, tukisubiri. Nyuma ya pazia Abu Hanan alikohoa, na kwa kikohozi hicho tukamimina kwa pamoja. Kuna gazeti liliwahi kusifu jinsi viongozi wawili walivyopokea kahawa kwa wakati mmoja, likasema ni ishara njema. Ilikuwa kifua cha Abu Hanan.

Jambo la mwisho alilonifundisha aliliweka mbali na mengine. Mgeni akipewa kikombe cha kwanza akakiweka chini bila kukionja, usikiguse. Ana ombi. Hiyo ni desturi ya zamani ya watu wa jangwani, na wazee wengi bado wanaijua. Mtilia kahawa anasimama palepale na dele lake, hamtilii mtu mwingine, mpaka mwenyeji aone, aulize, na aseme, "Kunywa kahawa yako, umepata." Mwenyeji akishaombwa hivyo mbele za watu, kukataa ni aibu kubwa. "Watakutazama kwa hasira," Abu Hanan aliniambia. "Wewe simama. Dakika hiyo chumba kizima ni chako." Katika miaka yote nililiona mara tatu. Mara mbili lilihusu ndoa.

Hanan aliolewa na binamu yake huko Gaza. Ni miaka ambayo walowezi wa Kiisraeli walikuwa wameondolewa kule, na watu wengi waliamini mambo yatatengemaa. Baba mtu aliamini kuliko wote. Alisema yeye amezeeka kwa kafili, binti yake atazeeka kwao. Mkewe alilia wiki nzima. Mimi nilimwambia, "Akae kwanza, asikate ikama," maana sheria ilikuwa tegemezi akikaa nje zaidi ya miezi sita ikama yake inakufa. Abu Hanan alisema, "Ife. Ataifanyia nini?" Ikafa. Baadaye mipaka ikafungwa, Hanan akazaa mtoto mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, na babu yao aliwajua wote kwa simu.

Haukupita muda mrefu baada ya harusi ile tukapelekwa Makka kuhudumia mapatano. Safari hiyo hawakuwa mahasimu wa nchi mbili bali pande mbili za Wapalestina wenyewe. Abu Hanan hakulala usingizi wa maana kwa siku mbili, akichagua buni punje kwa punje. Walikunywa vikombe vitatu kila mmoja, wakakumbatiana, tukagawa halua jikoni. Baada ya miezi michache walikuwa wakipigana risasi katika mitaa ya Gaza, na Hanan akampigia baba yake kumwambia amemlaza mwanawe wa kwanza chini ya ngazi. Abu Hanan hakusema neno baya juu ya mtu yeyote. Aliacha tu kuchagua buni punje kwa punje.

Nimeulizwa na vijana, hasa Wakenya, ambao siasa ndiyo chai yao, kama kweli mahasimu wakipatana Palestina inanufaika. Nitasema nilichokiona mimi na dele langu, mengine waulizeni wasomi. Saudia na Iran zilipokuwa hazisemezani, kila upande ulipozungumza juu ya Palestina ulikuwa unamsema mwenzake. Huyu alisema wewe umewauza, yule alisema wewe unawatumia. Walipopatana na mabalozi wakarudi, nilidhani sasa Palestina itazungumzwa kwa ajili yake yenyewe. Ilizungumzwa, ndiyo. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya kila hotuba. Baadaye yalifuata mambo ya ndege, ya mahujaji, ya usalama wa bahari, ya biashara, na watu wakachangamka. Sisemi walikuwa wanafiki. Nchi zina haja zake, na watu waliogombana miaka mingi wana mengi ya kuzungumza. Nasema tu kwamba nilikuwa chumbani, na najua sura zilichangamka wapi.

Abu Hanan aliniona nimechoka moyo, naye hakupendezwa na hilo. Siku habari za mapatano zilipotangazwa alikuja kazini Riyadhi na sinia la kunafa, ile tamutamu ya jibini ya kwao, akafungua kabati la sukari, akafuta mstari mmoja wa penseli kwa kifutio cha mjukuu, kile alichokinunua ampelekee siku watakayoonana.

"Abu Maryam," alisema, "watu wawili wasiosemezana hawawezi kunisaidia hata wakitaka. Huyu akifungua mlango, yule anaufunga ili mwenzake asisifiwe. Sasa wanasemezana. Naomba kitu gani zaidi?"

"Omba wakukumbuke wakiwa wanasemezana."

"Wewe Mzanzibari una roho ya ndimu," alisema, akanipa kipande kikubwa cha kunafa.

Halafu zikaja habari za mapatano mengine, yale ya Saudia na Israeli yaliyokuwa yakisemwa magazetini, leo yako karibu, kesho yana masharti. Hapo hata Abu Hanan alishindwa kujua atumaini nini. Siku moja alisema, "Wakifunga uhusiano kwa sharti la sisi kupata nchi, nitamwona Hanan kabla sijafa. Wakifunga bila sharti, hakuna atakayekuwa na kitu cha kudai tena kwa ajili yetu." Siku ya pili alisema heri wasifunge kabisa. Siku ya tatu alisema heri wafunge haraka. Serikali ilisema bila njia ya kupata dola ya Palestina hakuna uhusiano, naye akaikata habari hiyo gazetini akaiweka ndani ya hati yake ya safari. Nilimwonea huruma. Mtu mzima, mjuzi wa kazi yake, na maisha ya binti yake yamekaa juu ya sentensi za watu wengine.

Vita vya Gaza vilipoanza, simu ya Hanan ikawa haina umeme wa kutosha kuzungumza. Walikubaliana awe anatuma nukta moja tu kila asubuhi. Nukta ikifika, yu hai yeye na wanawe wanne. Abu Hanan alikuja kazini, akaweka sufuria jikoni, akanionyesha simu. "Nukta," alisema. Nami nilisema alhamdulillahi, tukaanza kazi. Mwende naye akajifunza. Akiingia jikoni alikuwa haulizi habari, anauliza, "Baba, imekuja?" Mzee huyo mwenye miwani mizito alimpenda kwa ajili hiyo, akamfundisha kuponda iliki.

Ndipo ukaitishwa mkutano mmoja wa dharura, kati ya ile mingi iliyoitishwa wakati ule. Ulikuwa Riyadhi. Mahasimu wa zamani walikuwa wakae katika ukumbi mmoja, ujumbe wa Palestina ukiwa kati, kwa ajili ya Gaza. Kampuni ilituleta mapema asubuhi. Abu Hanan alikuwa na umri wa kupumzika tangu zamani, lakini walimwacha kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kukaanga buni bila kuiunguza. Asubuhi ile alikuwa amenyoa ndevu vizuri na amevaa shati jipya chini ya aproni. Nilimtania anakwenda kuposa. Alicheka kidogo.

Kabla ya kikao, wajumbe mbalimbali walisubiri katika vyumba vya pembeni. Nilimwona mzee mmoja wa ujumbe wa Palestina, mwenye fimbo, amesimama kwenye mlango wa jiko akizungumza na Abu Hanan. Waligundua wametoka vijiji vya jirani, wazee wao walifahamiana. Wakashikana mikono kwa muda mrefu. Nilifurahi kwa ajili yake, nikaendelea kupanga vifinjani. Sikuwaza zaidi ya hapo, maana watu wa kwao wakikutana ugenini wanashikana mikono.

Tuliingia. Siku hizi mtilia kahawa anawekewa kifaa sikioni, na msimamizi anakaa chumba kingine akitazama skrini. Ni kijana aliyesomea hoteli ng'ambo, si mtu mbaya, ila maisha yake yote yamo ndani ya ratiba. Mwenyeji alikuwa amekaa katikati. Mkono wake wa kulia ujumbe wa waliokuwa mahasimu, na mbele kidogo yule mzee mwenye fimbo na wenzake. Abu Hanan alikohoa vizuri kabisa, nikamtilia mwenyeji na mwenzangu wa dele la pili akamtilia mgeni wake, kwa pumzi moja. Nikaenda kwa Wapalestina. Nikampa yule mzee kifinjani. Alikipokea kwa mkono wa kulia, akakishika kidogo, akakiweka juu ya meza bila kukionja.

Nilikiona. Nataka mjue hilo, nyinyi mtakaosoma. Sikupitiwa. Nilisimama nikajua ni nini, na mwili wangu ukakumbuka nifanye nini, miguu ikakaa pamoja, dele likatulia.

Sikioni msimamizi akasema, "Yalla, Abu Maryam, yalla, kamera zinaingia dakika moja." Nikabaki. "Kuna kikombe kimepoa mbele ya mzee, ondoa, kitaonekana vibaya. Yalla, ya hajji." Nikamtazama mwenyeji. Alikuwa amemgeukia mgeni wake wa kulia, wanacheka juu ya jambo fulani, kicheko cha watu wanaozoeana upya. Nikawaza, nani bado anafuata mambo haya? Watu hawa wanakunywa maji ya chupa. Nikawaza huyu mzee huenda tumbo linamsumbua. Nikawaza mgongo wangu. Mambo matatu hayo niliyawaza kwa kasi ya ajabu, na yote matatu yalikuwa uongo, ila la mgongo.

Nikanyoosha mkono nikakiondoa kikombe, nikaweka kingine cha moto. Yule mzee hakumtazama mwenyeji. Alinitazama mimi. Milango ikafunguka, kamera zikaingia kwa kelele zake, wakubwa wakasimama wakashikana mikono, na yule mzee akakichukua kikombe changu cha pili akanywa. Angefanya nini kingine? Nchi nzima zilikuwa zinatazama.

Nilirudi jikoni na sinia. Abu Hanan alikuwa amesimama karibu na pazia. Hakukaa, na yeye hukaa siku zote baada ya raundi ya kwanza. Alitazama vikombe vichafu kimoja kimoja mpaka akafika kwenye kile.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha yule mzee wenu. Kilikuwa kimepoa."

"Kilipoa." Alikishika kile kikombe kilichokuwa na kahawa yake yote. "Mwenyeji alikiona?"

"Hakukiona. Walinihimiza. Kamera zilikuwa zinaingia, Abu Hanan."

Hakunipigia kelele. Mara nyingi nimetamani angenipigia. Alimwaga ile kahawa katika sinki, akakiosha kikombe kwa mikono yake, akakikausha, akakiweka mahali pake. Akavua aproni. Mwende akamuuliza, "Baba, unaenda wapi, bado kuna raundi mbili?" Akamwambia, "Halas, yametosha, binti yangu." Akatoka kwa mlango wa wafanyakazi. Hakurudi kazini siku ile wala siku nyingine.

Raundi mbili zilizobaki tulipika mimi na Mwende. Kahawa ilikuwa chungu na hakuna aliyelalamika. Mkutano ukatoa tamko zuri, refu, lenye kulaani kila kilichostahili kulaaniwa, na mahasimu wa zamani wote walilikubali. Nililisoma mstari kwa mstari gazetini. Siku kadhaa nilisema moyoni kuwa Abu Hanan amekasirikia desturi tu, wazee wanazipenda desturi, hasira itapoa. Sikumpigia simu. Kisha zikawa wiki, nikaona haya kupiga kwa sababu sikuwa nimepiga. Mnaijua aibu hiyo, inazaliana yenyewe. Kila asubuhi niliangalia saa ile ya nukta, na sikuwa na wa kumuuliza.

Nilipostaafu nikakosa kisingizio cha kazi. Abu Hanan alikuwa anakaa Manfuha, ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani, ngazi zake zimekatika ukingo. Nilipanda polepole. Mkewe alinifungulia, akanikaribisha, akaingia ndani. Yeye alikuwa amekaa kwenye godoro karibu na dirisha, amekonda, miwani imekuwa mikubwa kwa uso wake. Tulisalimiana kama desturi, habari za Maryam, habari za afya. Nikashindwa kuvumilia.

"Nimekuja kuomba radhi kwa kile kikombe," nilisema. "Ni wewe uliyenifundisha, nami nikakiondoa."

Akaniuliza, "Unajua alitaka kuomba nini?"

"Sijui."

"Nilimwomba mimi. Pale mlangoni pa jiko. Nilimwambia, ya hajji, hawa wawili leo wamekaa upande kwa upande, hawajawahi kukaa hivi, na yule mwenyeji babu zake wanaijua desturi ya kikombe. Weka kikombe chini. Waombe wote wawili, mbele ya kamera, watoto wa Khan Yunis watolewe wapite, watoto tu, na wao wawili kwa pamoja wawe wadhamini wa njia. Mmoja peke yake asingeweza. Wawili wakisema mbele za watu, pengine. Mzee aliogopa kidogo, akakubali. Nilivaa shati jipya kwa ajili hiyo."

Nilitaka kusema pengine mwenyeji asingejibu, pengine njia isingefunguliwa hata wangekubali, wanaozifunga njia hawakuwamo ukumbini. Yote hayo ni kweli, na sikuyasema.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nilimuuliza. "Ningesimama."

"Kukuambia?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya. "Kwa wengine wote niliogopa, Abu Maryam. Msimamizi, walinzi, yule mzee mwenyewe. Kwako sikuwa na wasiwasi. Nilijua wewe hutakigusa."

Nililia mbele yake, sikuona haya. Aliniacha nilie, akanisogezea boksi la tishu kwa mguu kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma. Nilipojimudu nikauliza lile nililokuwa nimelipandishia ngazi.

"Hanan?"

"Nukta inakuja," alisema.

"Alhamdulillahi. Na wajukuu, wote wanne?"

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akachelewa kuirudisha.

"Siku ile ya mkutano," alisema, "walikuwa wanne."